Kompyuta ya mtumba inachemka na kuganda: tupeane uzoefu

Mwanzo_Kasarani
Wadau, uzi huu ni wa zile kompyuta za mezani za ex-UK (zilizotumika Uingereza) tunazonunua Luthuli, Moi Avenue na River Road hapa Nairobi. Nje zimefutwa zikang'aa, ndani huenda hazijafunguliwa tangu zitoke kiwandani. Unaitumia robo saa, feni inaanza kuvuma kama mashine ya posho, kisha kila kitu kinaganda, hata kipanya hakisogei. Kila mtu alete anachokijua kwa vipimo: digrii ngapi, volti ngapi, hatua gani itangulie. "Piga Windows upya" si jibu mpaka useme umejuaje kwamba Windows ndiyo yenye kosa.

Fundi Bisibisi
Kabla ya kufungua chochote, itazame inavyoganda. Ikiganda baada ya dakika 10 hadi 20, ukaizima na kuiwasha papo hapo ikaganda ndani ya dakika 3, ukaipumzisha nusu saa ikarudia zile za mwanzo, hilo ni joto. Ikiwa kipanya kinasogea lakini ukibofya hakuna kinachofunguka, na taa ya diski imewaka bila kupepesa, diski inahangaika kusoma sehemu iliyoharibika. Ikiganda bila mpangilio, leo ukiandika barua, kesho ukiwasha tu, mara skrini ya buluu, anza na RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda). Ikizima ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya, ama prosesa (chipu kuu ya kompyuta) imevuka kikomo cha joto ama pawasaplai (kasha linaloipa mashine umeme) imechoka.

Kisha pima. Weka HWMonitor, programu ya kusoma joto, iache mashine ikiwa imetulia dakika 10, andika digrii za prosesa. Halafu ipe kazi dakika 20, kwa mfano video mbili kwa pamoja huku ukinakili mafaili. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 3 au cha 4 ikiwa imetulia isome 35 hadi 45 hivi, kazini 60 hadi 75. Ikikaribia 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, ndiyo maana mashine huwa nzito kwanza kabla haijaganda.

Tazama pia inavyopanda. Ikipanda polepole kwa dakika nyingi, hewa haipiti: vumbi au feni. Ikiruka kutoka 40 hadi 90 ndani ya sekunde chache, usilaumu vumbi. Hitisinki (chuma cha mapezi kilicho juu ya prosesa) haijaikalia prosesa sawasawa, au pesti (ute mzito unaopakwa kati yao kupitisha joto) imekauka.

Mapezi
Hapo kwa kuruka ndipo watu wengi wanapoteza pesa, wananunua feni mpya na tatizo linabaki palepale. Joto linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, linaingia kwenye hitisinki, yaani kile kipande cha alumini chenye mapezi, ndipo feni inalitupa nje. Mashine iliyofanya kazi ofisini miaka minane au kumi, ukiinua hitisinki unaikuta pesti imekuwa chaki ya kijivu iliyopasuka kama tope la bwawa lililokauka. Katika ile mipasuko kuna hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Hata ufunge feni ya ukubwa gani, haitalifikia joto lisilofika kwenye mapezi.

Fanya hivi. Washa mashine dakika 10 ili pesti ilainike. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 kumaliza chaji iliyobaki, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke. Chomoa waya wa feni. Legeza skrubu nne kwa msalaba, kila moja nusu mzunguko kwa zamu. Usiivute hitisinki moja kwa moja juu. Izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Kwenye AMD zenye pini chini ya prosesa, ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi na pini zinapinda.

Sasa itoe feni juu ya hitisinki. Vumbi baya ni lile lisiloonekana ukichungulia kwa juu. Limejikunja katikati ya feni na mapezi, limeshikana kama kipande cha blanketi, unaweza kulibandua kwa vidole likatoka zima. Malizia kwa brashi kavu ya rangi ya inchi 1 na bloa (kipulizia hewa). Zuia panga za feni kwa kidole unapopuliza, zisije zikazunguka kupita kiasi na kuharibu beringi.

Futa pesti ya zamani kwenye prosesa na kwenye hitisinki mpaka chuma kiwe safi. Weka mpya katikati, kiasi cha punje kubwa ya mchele, usiisambaze kwa kidole. Shusha hitisinki wima, kaza kwa msalaba vilevile. Zile zenye vibano vinne vya plastiki, bonyeza viwili vinavyotazamana kwa pembe mpaka visikike, kisha viwili vingine, halafu igeuze bodi uhakikishe miguu yote minne imetokeza nyuma. Kimoja kikiwa hakijaingia, digrii zitaruka ile siku ya kwanza.

mama_saiba
Nyongeza kwa Mapezi kuhusu kufutia. Spiriti ya kupaka kidonda inaweza kuwa na mafuta ya nyonyo, nayo yanaacha utando. Tumia alkoholi ya isopropili ya 99% na kitambaa kisichotoa nyuzi. Na tafadhali msiipeleke mashine ipulizwe kwa pampu ya kujazia magurudumu. Hewa ile huja na maji na mafuta ya kompresa, na inapiga kwa nguvu kuliko vifaa vidogo vya kwenye bodi vinavyoweza kuhimili.

Saa_Nane_Mchana
Kuna jambo la hapa kwetu. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mzunguko uleule wa feni unabeba joto kidogo kuliko Mombasa. HP kwenye maelezo ya kompyuta zao nyingi za ofisi wameandika kikomo cha joto la chumba kuwa digrii 35, kisha upunguze digrii 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Piga hesabu: kwetu kinashuka hadi 29. Kibanda cha mabati saa nane mchana mwezi wa Februari kinazidi hapo bila shida. Mashine iliyotulia Julai inaweza kuanza kuganda Januari bila chochote kuharibika.

Iache nafasi ya sentimita 10 nyuma, usiifungie kwenye kabati la meza. Na kukaa nayo imefunguliwa kifuniko si dawa. Nyingi za hizi za ofisi zina mfereji wa plastiki unaoelekeza hewa. Ukifungua, feni inavuta hewa ya karibu na sehemu nyingine za bodi zinakosa upepo.

Voltimita
Za umeme. Mashine ikiwa inafanya kazi, pima waya wa manjano na mweusi: volti 11.4 hadi 12.6. Mwekundu na mweusi: 4.75 hadi 5.25. Ikishuka chini ya hapo unapoipa kazi, pawasaplai imekwisha. Usiifungue yenyewe, kapasita za ndani (vifaa vinavyohifadhi chaji) zinabaki na chaji hatari hata ukichomoa.

Pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230. Iwe 230 kabla hujachomeka, hasa mashine iliyotoka Marekani.

Kabla ya kununua nyingine, hesabu pini. EliteDesk 800 G1 ya HP inatumia plagi kuu ya pini 6, OptiPlex 9020 ya Dell inatumia ya pini 8. Ile ya kawaida ya pini 24 haiingii bila adapta.

Ngara_Diski
Kwa diski, fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, utazame mistari ya 05, C5 na C6 (sehemu za diski zilizobadilishwa, zinazosubiri kukaguliwa na zisizosomeka). C5 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, nakili mafaili yako leo hii, kabla ya kurekebisha kitu kingine chochote. C7 (makosa ya mawasiliano) ikipanda peke yake, badilisha waya wa SATA, yaani wa data wa diski, kwanza. Kipimo kingine: chomoa waya wa diski, washa Linux kutoka kwenye fleshi, ipe kazi saa nzima. Isipoganda, kosa liko kwenye diski au kwenye Windows iliyomo.

Mwanzo_Kasarani
Na ikiganda hata kwa fleshi, digrii zikiwa 50 tu na volti ziko sawa?

Fundi Bisibisi
RAM, ndugu. Zima, chomoa waya, toa zote. Sugua meno ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa mabaki. Rudisha kijiti kimoja, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko 4, ni bora uiache usiku kucha. Kikitoa hata kosa 1, kihamishe kwenye nafasi ya pili na urudie. Kosa likimfuata kijiti, nunua kijiti. Likibaki kwenye nafasi ileile kwa kila kijiti, bodi ndiyo mbovu, chunguza kapasita zilizo karibu na prosesa kama vichwa vyake vimevimba.