Jaribio la vitendo la fundi umeme wa kiwandani: nianze na lipi?

Fundi wa Mukono
Salamu, ndugu zangu. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya fundi umeme katika kiwanda kimoja huko Namanve, na barua inasema kwamba baada ya maswali ya mdomo kutakuwa na jaribio la vitendo. Nimezoea kufunga umeme majumbani, lakini mota za fezi tatu nilizishika chuoni tu. Naomba ushauri wenu.

Fundi wa Jinja
Ndugu, anza na saketi ya kuwasha mota moja kwa moja, yenye kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya koili yake), ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) na vitufe viwili, kwani ndiyo msingi wa nyingine zote. Umeme wa udhibiti upite kwenye kontakti (viungio vya swichi) namba 95 na 96 za ovalodi, kisha kitufe cha kuzima, kisha cha kuwasha, ndipo ufike A1, ncha moja ya koili ya kontakta, na A2, ncha ya pili, irudi kwenye nyutro. Kontakti 13 na 14 za kontakta zifungwe sambamba na kitufe cha kuwasha. Ukizisahau, mota itazunguka wakati kidole kiko kwenye kitufe tu. Tafadhali soma volti zilizoandikwa kwenye koili kabla hujaiunganisha, kwa sababu zipo za 24, za 240 na za 415, na ya 24 ukiipa 240 itaungua.

Ukipewa kazi ya nyota-delta, yaani kuwasha mota ikiwa imeunganishwa kwa nyota kisha kuihamishia delta, soma kwanza kibati cha maelezo kilicho kwenye mota. Kwa umeme wetu wa volti 415, mota iliyoandikwa 240/415 haifai kuendeshwa kwa delta, kwani 240 ndiyo volti yake ya delta na 415 ni ya nyota.

Msimamizi wa karakana
Hayo ni sahihi, ila sisi tunaosimamia majaribio haya huanza kutoa alama kabla mtahiniwa hajagusa waya. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Jaribu kipimo chako mahali penye umeme unaojulikana, pima saketi yako baina ya fezi zote, kisha kila fezi na nyutro na ardhi, halafu rudi ukijaribu kipimo kile kile tena, maana kipimo kilichokufa katikati ya kazi huonyesha sifuri popote. Nimewanyima kazi mafundi wepesi wa mikono kwa kuruka hatua hiyo.

Megga, yaani kipimo cha ukinzani wa kihami cha nyaya za mota, iweke kwenye volti 500, mota ikiwa imetenganishwa na kifaa chochote cha kielektroniki. Ikisoma chini ya megaomu 1, usiiwashe mota.

Fundi wa Mukono
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Je, nifuate rangi zipi za waya?

Msimamizi wa karakana
Uliza kabla ya kuanza. Katika mitambo ya zamani fezi ni nyekundu, njano na buluu, na nyutro ni nyeusi. Katika mipya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Kwa hiyo waya wa buluu au mweusi usiuamini kwa macho, upime.