Je, mashirika ya ndege yaachiwe yanyooshe njia yatakavyo?

Ndugu zangu, juzi hapa Tabora abiria aliyetoka Dar es Salaam alitulalamikia kwamba ndege yao ilikaa karibu nusu saa ikiwa imefunga milango, wala hakukuwa na wingu angani. Akasema anga ni kubwa, kwa hiyo kila shirika liruhusiwe kunyoosha njia linavyotaka, yaani ndege iruke moja kwa moja hadi iendako. Wengi waliafiki. Mimi napinga, nami nimewahi kufanya kazi ya kuandaa mipango ya safari za ndege.

Anga hugawanywa vipande, na kila kipande kina waongoza ndege wake na masafa yake ya redio, ambayo marubani hupokezana kuzungumza. Kipande huhesabiwa kuwa kimejaa pale mwongozaji anapofikia ukomo wa ndege anazoweza kuzifuatilia kwa pamoja, hata kama ukitazama juu huoni hata moja. Hapa Afrika, nafasi ya kupishanisha ndege kwenda juu, kati ya futi 29,000 na 41,000, ilipunguzwa kutoka futi 2,000 hadi 1,000 mwezi Septemba 2008, zikapatikana ngazi zaidi, yaani miinuko ya kurukia. Hata hivyo, saa za msongamano kila shirika hugombea ngazi ileile ambayo injini hutumia mafuta kidogo.

Mpangaji naye hapimi umbali peke yake. Nilikuwa nikilinganisha njia tatu au nne mezani, nikitazama upepo, mvua za radi, maeneo yaliyofungwa na ada ya kila nchi tutakayopita juu yake, na mara nyingi ile fupi ilishindwa. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia huchorwa upya kila siku kufuata upepo, ndiyo maana ndege iendayo Marekani haipiti iliporudia.

Kuhusu kusubirishwa, sisi wa Tabora tunaielewa hali hiyo kwa treni: reli ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana hapa, na treni moja husubiri stesheni ili nyingine ipite. Ndege haina stesheni angani. Ikisubiri huko inazunguka huku ikichoma mafuta, ndiyo maana husubirishwa chini kabla ya kuruka. Ulaya, kituo cha Eurocontrol, shirika linaloratibu safari za anga za huko, kilichoko Brussels, huipa ndege dakika maalumu ya kuruka, nayo isitangulie kwa zaidi ya dakika 5 wala kuchelewa kwa zaidi ya 10. Naona huo ni utaratibu wa haki.

Abiria wetu, hata hivyo, ana hoja moja ambayo siwezi kuipinga: hakuna aliyewaeleza sababu, na dakika thelathini za kukaa kimya kwenye joto ni mateso.

Usiku, juu ya magharibi ya nchi ambako ndege ni chache, nakubali njia inyooshwe. Lakini anayetaka iwe hivyo kila mahali na kila saa atueleze: ndege tatu zikifika juu ya Morogoro dakika moja, zote katika mwinuko mmoja, ipi itapinda, na nani ataiamuru?