Mfuko wa kusomesha wasichana kwa jina la marehemu Hajati: wasichana wangapi, na pesa ikae wapi?

Binti wa Sokoni, Arua

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote.

Naomba ushauri wa wanaozijua kazi hizi. Wenzake wa sokoni na watoto wa marehemu wanataka kuanzisha ufadhili wa masomo kwa wasichana kwa jina la Hajati, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitenge na nafaka hapa Arua, Uganda. Michango iliyokwisha kupatikana ni shilingi milioni 36. Kuna pia duka lake linalopangishwa kwa 500,000 kwa mwezi, na watoto wanataka pango lake liingie mfukoni. Hakuacha wasia wa maandishi.

Rasimu ya kanuni inasema hivi: wasichana 5 wapya kila mwaka, kuanzia S1 hadi S4 (kidato cha kwanza hadi cha nne), shule za bweni za West Nile, eneo letu hili, karo yote ilipwe, na msichana aendelee kufadhiliwa mradi S4 apate "Division One". Karo ya shule tulizoangalia ni kama 700,000 kwa muhula. Hesabu hii inasimama? Mfuko tuuandikishe wapi? Na duka tuliingizeje bila kuzua ugomvi?

Karani wa Vitabu

Dada, poleni kwa msiba, na hongereni kwa wazo. Nianze na namba ya 5, maana hapo ndipo mfuko wenu utakapofia.

Karo ya 700,000 mara mihula 3 ni milioni 2.1. Ongeza vifaa vya bweni, sare, nauli na matumizi madogo, weka 600,000 kwa mwaka. Msichana mmoja anagharimu milioni 2.7. Watano ni milioni 13.5, na mwaka wa kwanza kila mtu atafurahi. Mwaka wa pili mna 10, milioni 27. Wa tatu mna 15, milioni 40.5. Wa nne mna 20, milioni 54. Milioni 36 zenu pamoja na pango zinavuka mwaka wa pili kwa shida, na mwaka wa tatu hazifiki popote. Watakaoumia zaidi ni wale watano wa kwanza, ambao mtawaacha S3, darasa baya kuliko yote kuachiwa njiani: karo mmelipa miaka miwili na cheti hakuna.

Fanyeni kwa bahasha. Bahasha moja ni gharama ya msichana mmoja hadi mwisho, na haifunguliwi ya mwingine kabla hiyo haijajaa. Mkikadiria karo inapanda asilimia 10 kwa mwaka, miaka minne inakuwa 2.7 + 2.97 + 3.27 + 3.59, yaani kama milioni 12.5. Ongezeni ada ya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, na gharama za S4, hesabuni milioni 13. Kwa hiyo milioni 36 ni wasichana 2, siyo 5. Zinabaki milioni 10.

Sasa pango. 500,000 kwa miezi 12 ni milioni 6. Duka likiwa kwa jina la mtu binafsi, URA, mamlaka ya mapato, inatoza asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka. Kwenu hiyo ni 381,600. Tengeni tena kama 600,000 za ukarabati na mwezi mmoja wa duka kukaa bila mpangaji. Hesabuni milioni 5 za kutumia, msihesabu 6. Mwisho wa mwaka wa kwanza mna milioni 15: msichana wa tatu anaingia, zinabaki 2. Kisha 7, kisha 12. Wenzake wa sokoni wakichanga milioni 1 tu ndani ya miaka hiyo mitatu, wa nne anaingia mwaka wa nne. Hapo kila mchangiaji anaona shilingi yake imemsogeza nani, na hilo huleta michango kuliko hotuba.

Pesa ikae wapi? Wengi watawaambia hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Mnaweza kuanza na 100,000 kupitia benki, na kuponi, yaani riba yake, hulipwa kila miezi 6. Kodi ya zuio kwenye kuponi ni asilimia 20, na inashuka hadi 10 kwa hatifungani za miaka 10 na zaidi. Lakini bahasha ya mtoto wa S1 inahitajika yote ndani ya miaka minne. Ukiifungia kwenye hatifungani ya miaka 10 kisha ukalazimika kuiuza mapema, unaweza kupata pungufu ya ulichoweka. Tena kuponi ni mbili kwa mwaka na mihula ni mitatu, kwa hiyo karo ya muhula mmoja ya wasichana wote lazima iwe kwenye akaunti ya kawaida wakati wowote. Na kwa kuwa mfuko ni wa Hajati, ulizeni familia mapema kama inaridhia riba. Benki ya Kiislamu, isiyotumia riba, ina leseni nchini tangu 2023, kwa hiyo njia ya pili ipo.

Wakfu na Mirathi

Karani amemaliza hesabu, mimi niseme la duka.

Kwanza angalieni karatasi: ni duka lililojengwa kwenye ardhi yake, au ni kibanda cha soko la jiji? Kibanda cha soko ni cha jiji, mfanyabiashara ana haki ya kukitumia tu. Kama ni hicho, msiahidi mtu pango lake kabla hamjasoma mkataba wa kupangishwa na kuuliza ofisi ya soko.

Kama ni mali yake, bado ni mali ya mirathi. Mpate cheti cha kifo NIRA, ofisi ya vitambulisho na usajili wa watu, mkaripoti kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali mpate cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha muombe mahakamani barua za usimamizi wa mirathi. Tangu sheria ya urithi irekebishwe 2022, barua hizo zina muda wa miaka 2, baada ya hapo ni kurudi mahakamani kuomba nyongeza. Familia nyingi huziweka kabatini zikapitwa na muda kabla hati ya ardhi haijahamishwa. Mgawo wa sheikh ni mzuri kwa maelewano ya nyumbani, ila benki na ofisi ya ardhi zitadai barua ya mahakama.

Wapo watakaosema "theluthi moja iende sadaka". Theluthi ni mpaka wa wasia, na hapa wasia haupo. Njia iliyo wazi ni kila mrithi mtu mzima atoe fungu lake mwenyewe kuwa wakfu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Kama kuna mrithi aliye chini ya miaka 18, fungu lake haliguswi. Si ndugu mkubwa, si mlezi, si kamati yenye ruhusa ya kulitoa. Pango la fungu hilo mtengeeni mtoto huyo, na hesabu ya milioni 5 aliyotoa Karani ipungue kwa kiasi hicho. Ugomvi wa miaka kumi ijayo huanzia hapo, pale mtoto anapokua na kuuliza.

Kuandikisha: kwa mfuko wa ukubwa huu jumuiya ya kijamii, yaani CBO, inatosha. Sheria ya NGO ya 2016 inaipeleka kwenye kamati ya wilaya ya kusimamia NGO. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na viongozi, na barua za mapendekezo za serikali za ngazi za chini. Kampuni yenye wanachama wadhamini, inayosajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, ifikirieni mtakapotaka kufanya kazi katika eneo kubwa zaidi au kupokea pesa kubwa za makampuni. Kampuni inayochangia taasisi ambayo URA imeiandikia msamaha wa kodi inaweza kukata mchango huo kwenye mapato yake, hadi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi, na wachangiaji wakubwa watauliza barua hiyo.

Akaunti iwe na watia saini watatu, wasitoke nyumba moja, na mmoja awe wa sokoni. Mtoto wa mwanakamati asifadhiliwe, hata akistahili. Liandikeni hilo kwenye katiba sasa, wakati bado hakuna mtu wa kulikasirikia.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu zangu, kanuni ya "Division One" kwa S4 ifuteni leo. Mtaala mpya ulianza 2020 na waliofanya mtihani wake wa kwanza ni wa 2024. Matokeo ya UCE, mtihani wa S4, sasa ni herufi A hadi E kwa kila somo, asilimia 20 ikitoka kwenye kazi za shuleni na 80 kwenye mtihani. Divisheni hazipo tena S4. Zimebaki PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambako jumla ya alama 4 hadi 12 ndiyo Daraja la Kwanza, na alama ndogo ndiyo bora.

Hata PLE msiweke 12 kama mlango. Msichana wa shule ya kijijini aliyepata 18 akiwa anachota maji kabla ya vipindi na baada ya vipindi anaweza kuwa na uwezo kuliko wa 10 wa shule ya mjini. Linganisheni mtoto na shule yake: yeye alikuwa wa ngapi pale, na ripoti za P6 na P7, yaani darasa la sita na la saba, zinaonyesha anapanda au anashuka? Kumwendeleza, tumieni mahudhurio na kupanda darasa. Kanuni ya "awe katika kumi bora" humwadhibu mtoto mliyemhamishia shule ngumu nyinyi wenyewe.

Karo kulipwa hakumfikishi mtoto darasani. Siku ya kufungua, pale mezani langoni, karatasi ya benki inatazamwa mara moja, halafu mwalimu anaanza orodha: godoro, chandarua, sanduku la bati na kufuli lake, ndoo, fagio, rimu mbili za karatasi, karatasi za chooni, sukari. Kukosekana rimu mbili kunatosha mtoto kuambiwa akae pembeni, na aliyekaa pembeni hadi jioni mara nyingi anarudi na basi lilelile. Godoro na sanduku vinunuliwe na mfuko mara moja S1. Vinavyokwisha vinunuliwe kila muhula kwa jumla sokoni, maana nyinyi ni watu wa soko na bei mnaijua. Pedi wekeni kwenye orodha rasmi, pakiti 6 kwa muhula, msiache kuwa jambo la kuombwa. Wengi hawataomba. Watakaa bwenini siku hizo.

Karo iende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, kamwe isipitie simu ya mzazi wala ya mwalimu. Pesa ya simu ina kodi ya asilimia 0.5 kila ikitolewa, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba pesa ikipita mikononi mwa nyumba yenye mgonjwa, itamhudumia mgonjwa, na huwezi kumlaumu mtu. Risiti ya kila muhula iwe na jina la mtoto, darasa na muhula, ibaki kwenye faili lake.

Jina liangalieni mapema. Usajili wa S4 unafuata jina na namba ya PLE, na "Aisha" wa fomu zenu akiwa "Asha" kwenye karatasi ya PLE, matata yanajitokeza S4 wakati muda umebana. Nakili jina kutoka karatasi ya matokeo, usimwandike kwa alivyoitwa nyumbani. Ada ya UNEB ilipwe muhula wa kwanza wa S4, kwa sababu anayechelewa hutozwa zaidi.

Fomu zitoke Novemba. Matokeo ya PLE kwa kawaida hutoka Januari na S1 huanza Februari, kwa hiyo ziara za nyumbani lazima ziwe zimekwisha kabla ya matokeo. Waende watu wawili, mmoja mwanamke. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, iwepo, lakini mwenyekiti hamnyimi mtu barua. Muulizeni mzazi nani alilipa muhula uliopita na alilipaje: kwa mbuzi, kwa mkopo, kwa mjomba. Jibu hilo linaeleza hali ya nyumba kuliko fomu nzima.

Na picha za watoto kwenye mabango, hapana. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa mtoto, na hata ridhaa ikipatikana, msichana wa S2 ana haki ya kusoma bila darasa zima kujua nani anamlipia. Bango liwe na picha ya Hajati.

Binti wa Sokoni, Arua

Nawashukuru sana, wazee na walimu wangu. Duka ni la ardhi yake, na mrithi mmoja ana miaka 14, kwa hiyo nimeelewa kazi iliyo mbele. Mawili yamebaki. Msichana akipata mimba, bahasha yake inakwenda wapi? Na wanaomaliza S4 wakataka ufundi, kama alivyopenda marehemu mwenyewe?

Karani wa Vitabu

Bahasha inabaki yake. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu mama mtoto kurudi shule. Andikeni kwamba bahasha inamsubiri miezi 18 tangu alipotoka, na mwanakamati mwanamke amtembelee angalau mara moja kila muhula akiwa nyumbani. Muda huo ukipita bila kurudi, mpeni nafasi ya ufundi kwa salio lilelile kabla ya kulipeleka kwa mwingine.

Kwa ufundi, lipeni ada ya chuo na ya mtihani wa taifa wa ufundi, kisha tengeni pesa ya vifaa tangu siku ya kwanza, maana fundi aliyehitimu bila cherehani anarudi kusubiri. Kwa mshonaji nunueni cherehani ya miguu, mkasi mkubwa, futi, pasi ya mkaa, bobini na sindano za akiba, na vitambaa vya kuanzia. Nunueni vitu, msitoe taslimu. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha cherehani iandikwe kitabuni, na kwa miezi 6 ya kwanza karatasi iseme ni mali ya mfuko iliyoazimwa. Ndugu akija na shida akitaka iuzwe, binti ana karatasi ya kumwonyesha. Baada ya miezi hiyo mkabidhini umiliki kwa maandishi, na nakala ibaki kwenye faili lake.