Marekani: ramani za maeneo bunge zinachorwaje upya kabla ya sensa, na zinaamuaje mshindi?

Mpwa wa Pangani

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wanaofuatilia siasa za Marekani wanieleweshe jambo. Viti vya Baraza la Wawakilishi ni 435 na hugawiwa upya baada ya sensa ya kila miaka 10. Sensa ijayo ni 2030. Lakini 2025 Texas, inayoongozwa na Republican, ilichora ramani mpya ili chama hicho kipate viti vitano zaidi, California ya Democratic ikajibu, na majimbo mengine yakafuata. Maswali yangu:

1. Sheria inaruhusu?
2. Mstari kwenye ramani unampaje mtu viti vitano hata kabla kura hazijapigwa?
3. Nitajuaje kama ramani imechongwa makusudi au ni jinsi watu walivyokaa tu?

Mambo ya nani mwema, Republican au Democratic, tuyaache. Nataka ufundi wake.

Dira_Kaskazi

Mkuu, nianze na la kwanza. Hapo kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya.

Kugawa viti kati ya majimbo ni kazi ya serikali kuu, na hufanywa kwa kanuni ya hesabu baada ya sensa. Kwa sensa ya 2020 kila kiti kiliwakilisha wastani wa watu 761,169. Texas ilipanda kutoka viti 36 hadi 38, California ikashuka kutoka 53 hadi 52, na New York ikapoteza kiti kimoja kwa kupungukiwa watu 89 tu. Mgawo huo haubadiliki hadi sensa nyingine.

Kuchora mipaka ndani ya jimbo ni kazi ya jimbo lenyewe. Kwa kawaida bunge la jimbo hupitisha ramani kama sheria na gavana hutia saini (North Carolina gavana hana hata kura ya turufu juu ya ramani). Hakuna sheria ya taifa inayokataza kurudia kazi hiyo katikati ya muongo. Texas ilishafanya hivyo 2003, na Mahakama ya Juu ilipoulizwa 2006 haikuona kosa katika wakati wenyewe. California ilikuwa na kizuizi chake: katiba ya jimbo iliwapa kazi hiyo wananchi 14 wa tume huru. Ndiyo maana ililazimika kwenda kwa wapiga kura, nao wakakubali tarehe 4 Novemba 2025 kwamba ramani ya bunge la jimbo itumike hadi uchaguzi wa 2030.

Mipaka ya kisheria iliyopo ni ipi? Idadi ya watu lazima ilingane, na mahakama haina mchezo hapo: 1983 ramani ya New Jersey ilitupwa ingawa tofauti ya maeneo yake ilikuwa chini ya asilimia 1. Rangi ya watu nayo haiwezi kuwa kigezo kikuu cha mstari bila sababu nzito. Lakini kuchora kwa faida ya chama? Katika kesi iitwayo Rucho, 2019, majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahakama ya Juu walisema mahakama za shirikisho hazina la kufanya. Kwa hiyo majimbo yakishtakiwa mara nyingi hujitetea kwamba yaliangalia chama, si rangi. Texas ilitumia hoja hiyohiyo. Mahakama ya chini ilizuia ramani yake Novemba 2025, na Desemba Mahakama ya Juu ikaruhusu itumike.

Kwa wenzetu wa Kenya: ibara ya 89 inaruhusu eneo bunge lizidi au lipungue wastani kwa asilimia 30, au 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache. Kule ugomvi ni wa idadi. Marekani idadi imenyooka kabisa, na bado mchezo unachezwa.

Hesabu_Ndefu

Najibu swali la pili kwa namba, maana maneno hayatoshi.

Chukua jimbo la wapiga kura 500, maeneo bunge matano, kila moja watu 100. Chama A kina kura 220 (asilimia 44), chama B kina 280. Mchoraji ni mtu wa A. Silaha zake ni mbili: kuwarundika watu wa B katika maeneo machache washinde kwa kura nyingi zisizo na kazi, na kuwatawanya waliobaki ili washindwe kidogo kidogo kila mahali.

Ramani ya tahadhari: A anapata 60, 60, 60, 20, 20. Viti 3 kati ya 5 kwa asilimia 44 ya kura.

Ramani ya uroho: A anapata 52, 52, 52, 52, 12. Viti 4 kati ya 5, kwa watu walewale.

Sasa pima kura zilizopotea bure. Kura ya aliyeshindwa imepotea. Kura ya mshindi inayozidi 51 nayo imepotea. Ramani ya tahadhari: A amepoteza 67, B 178. Tofauti ni 111, gawa kwa 500, ni asilimia 22.2. Ya uroho: A amepoteza 16 tu, B 229. Asilimia 42.6. Waliobuni kipimo hiki walipendekeza asilimia 8 iwe kengele ya hatari kwa mabunge ya majimbo.

Lakini angalia upepo ukigeuka na A akapungukiwa kura 3 katika kila 100. Ramani ya tahadhari inabaki na viti vitatu vilevile, kwa 57. Ya uroho inakuwa 49, 49, 49, 49, 9: A hana kiti hata kimoja. Haya si ya darasani tu. Texas ilichorwa hivyo 2011, na 2018 Warepublican wakapoteza eneo la 7 la Houston na la 32 la Dallas, yote mawili yakihesabiwa salama. Ramani ya 2025 imeegemea sana kura za Walatino wa kusini mwa Texas waliohamia kwa Trump 2024. Wakirudi walikotoka, baadhi ya viti hivyo vitano vinaweza kuponyoka.

Mpwa wa Pangani

Nimeelewa, shukrani sana. Je, umbo la ajabu kwenye ramani si ushahidi tosha? Niliona lile la Pennsylvania, limejikunja kama mchoro wa mtoto.

Mchora_Mipaka

Umbo hudanganya pande zote mbili. Lile eneo la 7 la Pennsylvania lilikuwa baya kweli, na mahakama kuu ya jimbo ililifuta 2018. Ila programu za kompyuta za leo zinachonga ramani yenye upendeleo mkubwa ambayo maeneo yake yamenyooka vizuri tu. Kwa upande wa pili, Massachusetts viti vyote 9 ni vya Wademokrat ingawa Trump alipata takriban asilimia 36 mwaka 2024. Warepublican wametapakaa sawasawa jimbo zima, hivyo hata mchoraji wa haki anapata shida kuwatengenezea kiti.

Kujipimia, fungua Dave's Redistricting, tovuti ya kuchorea ramani hizi, ni bure na inatumia kivinjari:

- Chagua jimbo na ramani rasmi, soma wapiga kura wa kila eneo.
- Tumia matokeo ya urais au useneta, si ya ubunge. Baadhi ya maeneo mbunge hana mpinzani, na hesabu yako itaharibika.
- Angalia chaguzi mbili au tatu tofauti, si 2024 peke yake. Kiti kinachobadilika kila mara ni cha ushindani. Kisichotikisika ni ngome ya chama kimoja.
- Chora mwenyewe ramani kadhaa ukifuata mipaka ya kaunti bila kutazama vyama. Kama zako zinatoa viti 6 hadi 8 kwa chama fulani na ramani rasmi inatoa 10, hapo kuna mkono wa mtu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo nzito zaidi. Wataalamu huifanya kwa kuiamuru kompyuta ichore maelfu ya ramani, na ndiyo ushahidi unaopelekwa mahakamani siku hizi. Mtego mmoja: sensa huwahesabu wafungwa pale walipofungwa, hivyo eneo lenye gereza kubwa huonekana lina watu wengi, kumbe wengine hawawezi kupiga kura. Majimbo kadhaa huwarudisha kwenye anwani zao za nyumbani, mengine hayafanyi hivyo.

Binti_Mvita

Niongeze kidogo. Si kila jimbo limekubali kuchora upya. Seneti ya Indiana, yenye Warepublican wengi, iliikataa ramani mpya Desemba 2025 kwa kura 31 dhidi ya 19, licha ya shinikizo la Ikulu. Wengi walisahau kwamba maseneta wa jimbo nao wana wapiga kura wao.

Na kwa ndugu zetu wenye uraia walioko Houston na Dallas: namba ya eneo bunge lako inaweza kuwa imebadilika bila wewe kuhama. Itazame upya kwenye tovuti ya kaunti, pamoja na kituo chako. Texas mwisho wa kujiandikisha ni siku 30 kabla ya uchaguzi, na fomu mpya hujazwa kwa karatasi, ikatiwa saini na kupelekwa au kutumwa kwa posta.