"Huu ni mchango au nauli ya kurudia?" Yule MC wetu kanidhalilisha leo mbele ya ukumbi mzima

FundiCherehani:
Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Huyu MC wote mnamjua, simtaji. Yule yule wa suti ya kumeta, wiki haipiti mtaani hapa hajashika maiki, sauti yake peke yake inaweza kubomoa ukuta.

Ilikuwa harambee ya bweni la watoto yatima. Nimeweka elfu tano kwenye bahasha, nikaibana kwa gundi, nikaandika jina langu kama kamati walivyotaka. MC akaichana mbele ya watu. Akamtoa faru wangu, akamwinua kwenye taa kama anakagua noti bandia, halafu kwa maiki: "Jamani, huu ni mchango au nauli ya kurudia?"

Ukumbi ukapasuka. Kuna mama alicheka mpaka kilemba kikamdondokea kwenye soda.

Nauli ya kurudia! Nimerudi kwa MIGUU, wakuu! Nauli yenyewe ndiyo niliyoitia kwenye bahasha!

Akaitwa mgeni rasmi, akatamka milioni mbili. Ahadi hiyo, hata shilingi haijatoka mfukoni. Tukaamriwa makofi, akaletewa korosho na maji ya baridi. Ahadi inapewa korosho, noti taslimu inapewa kicheko!

Kituo kile nakichangia miezi 20 sasa, elfu tano kila mwisho wa mwezi kwa simu, makato juu yangu. Laki moja imeshaingia na hakuna aliyenipigia kelele. Mlezi wa pale aliwahi kunitumia picha ya mtoto amevaa kaptula niliyompunguzia kiuno kwa mkono wangu, na neno moja tu: "Imemtosha." Picha ile ndiyo inayonitoa hela mimi. Yeye anadhani watu wanatoa kwa sababu ya suti yake?

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na watu wameshika bahasha zao. Nimeona kwa macho yangu bahasha tatu zikirudi mfukoni. Tatu! Na yeye bado ameinua noti yangu kwenye TAA.

Mzee wa Kijiwe:
Pole mkuu. Ila na wewe, elfu tano unaiandikia jina? Ungeandika "Msamaria" ukakaa zako nyuma.

Binti Pwani:
Mnaocheka hamjui kitu. Mwaka 2011 Kenya wakati wa ukame, kampeni ya Kenyans for Kenya, mtu alituma hata shilingi 10 kwa M-Pesa. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za kwao na walivuka. Wangekuwa na MC kama huyu wangeishia kwenye nauli.

Mchumi Mkavu:
Kenya hao hao ndio harambee zao ziligeuka jukwaa la wakubwa, mpaka 2003 ikaja sheria ya maadili ya kuwabana watumishi wa umma wasitumie vyeo kuchangisha. Watu wanatoa ili waonekane. Mgeni rasmi akitamka kubwa, wa nyuma wanaona aibu kutoa kidogo. Ndiyo mbinu yenyewe, MC kafanya kazi yake.

FundiCherehani:
Kazi yake ni kuinua noti ya mtu kwenye taa? Aibu yako hiyo imerudisha bahasha tatu mfukoni mkuu. Imeongeza nini?

Mchumi Mkavu:
Imeongeza milioni mbili.

FundiCherehani:
AHADI! Umeziona wewe?

Ustadh Mtaani:
Atoe mkono wa kulia, wa kushoto usijue. Pande zote mbili tumefundishwa hivyo.

Mama Wawili:
Kweli ustadh. Na yule mjane wa Marko 12 na senti zake mbili, angemkuta MC huyu angegeuza nazo mlangoni.

Dereva wa Daladala:
Afadhali wewe umechekwa mara moja. Mimi niko kwenye grupu la harusi ya mtu hata sura simjui. Kila siku saa 12 asubuhi katibu anabandika orodha. Namba 47 ni mimi: ahadi 100,000, imelipwa 0. Mama mkwe wangu yumo humo humo.

Katibu Muhtasi:
Kumbe namba 47 ndiye wewe! Lipa bwana, ukumbi unadai.

Dereva wa Daladala:
Nani kakupa ruhusa ya kuniingiza? Nilikuwa nimelala nikaamka nina ahadi!

Mzee wa Kijiwe:
Usilipe. Mimi mwaka jana nililipia kadi ya watu wawili, pilau ikaja na kipande kimoja cha nyama. Tulikigawana na mke wangu kwa kijiko.

FundiCherehani:
Wakuu, tulikuwa kwenye noti na taa.

Shemeji wa Wote:
Hamjaona mnada wa kwetu baada ya ibada. Jogoo mmoja ameuzwa mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha mezani apigwe mnada tena, wazee wanapiga makofi. Mara ya nne nikampata mimi kwa 15,000, nikaondoka naye. Sasa wazee wa kanisa wananipigia simu nimrudishe.

Mama Wawili:
Umeondoka na jogoo wa mnada? Yule huwa anarudishwa!

Shemeji wa Wote:
Imeandikwa wapi? Nimetoa hela, nimepewa kuku.

Katibu Muhtasi:
Mkubwa kiasi gani?

Shemeji wa Wote:
Kilo mbili na ushee, wa kienyeji.

Dereva wa Daladala:
Nakupa 20,000, nakuja kumchukua jioni.

Katibu Muhtasi:
Namba 47, hiyo 20,000 ilete huku kwanza.