Tupeane uzoefu: uliingia kalkulasi ya chuo bila kuwahi kuisoma?

Wakuu, habari zenu. Niko mwaka wa kwanza, wiki ya tatu. Sekondari niliishia aljebra na trigonometria kidogo, kalkulasi nimekutana nayo hapa hapa chuoni. Mhadhiri akiandika limiti (thamani ambayo hesabu inaikaribia) ubaoni wenzangu wanaitikia kama wanakumbushwa, mimi ndiyo naiona kwa mara ya kwanza. Mliopita njia hii, ilikuwaje? Naomba kisa chako mwenyewe.

Mchangiaji wa 1
Mdogo wangu, jaribio la kwanza nilipata 31 kati ya 100. Nilikwenda kwa mhadhiri kuaga, nilishaamua kuacha somo. Akaichukua karatasi yangu, akatenganisha makosa ya kalkulasi na makosa ya aljebra. Ya kalkulasi yalikuwa mawili tu! Mengine yote ni mabano, sehemu na alama ya kutoa.

Kubwa kuliko yote, nikitafuta kasi ya badiliko la x² kwa kuongeza kijisehemu h kwenye x, nilikuwa naandika (x + h)² = x² + h². Hapo 2xh imepotea, na ndiyo iliyobeba hesabu nzima. Ukiwa nayo, unatoa x², unagawa kwa h, inabaki 2x + h. H ikikaribia sifuri unapata 2x. Mimi nilikuwa nabaki na h peke yake, kisha sifuri, yaani mkunjo usio na mwinuko popote, na sikushtuka.

Tangu siku hiyo, kila jioni nusu saa ya aljebra ya sekondari kabla ya kugusa kazi ya chuo. Nilipoona kwamba x² − 9 ni (x − 3)(x + 3), nikaelewa kwa nini ukiigawa kwa x − 3 jibu linakaribia 6 kadiri x inavyokaribia 3, ingawa kwenye 3 yenyewe huwezi kugawa. Limiti ikanikaa kichwani. Somo nililifaulu.

Mchangiaji wa 2
Kagua kikokotoo chako. Kasi ya badiliko la sini ni kosini pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Changu kilikuwa kwenye digrii, nikapoteza wiki nzima.

Mchangiaji wa 3
Hao wanaoitikia wasikutishe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijua kasi ya badiliko la x³ ni 3x², lakini nilipoulizwa inatoka wapi nilikaa kimya. Jirani yangu aliyeanza kutoka sifuri alinipita mwisho wa muhula, maana yeye kila kitu alikiuliza.

Mchangiaji wa 4
Mimi kilichoniliza ni maswali ya maneno. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, chini inateleza kwa mita 1 kwa sekunde. Juu inashuka kwa kasi gani chini ikiwa mita 3 kutoka ukutani? Nilikuwa naweka 3 na 4 mapema, kila kitu kinaganda, hakuna kinachobadilika tena. Dada mmoja wa mwaka wa pili akaniambia: chora, x iwe umbali wa chini kutoka ukutani na y urefu wa juu kutoka sakafuni, andika x² + y² = 25, tafuta badiliko kwanza, namba ziingie mwisho. Jibu ni robo tatu ya mita kwa sekunde. Nililirudia swali lile mara sita kwenye karatasi tupu.

Mchangiaji wa 5
Kuhusu limiti, mimi historia ndiyo ilinituliza. Mwanahisabati Leibniz alichapisha kalkulasi yake 1684, lakini maelezo makini ya limiti yalikuja karne ya 19 kwa wanahisabati kina Cauchy na Weierstrass. Kitu kilichowachukua mabingwa zaidi ya miaka 100 kukinyoosha, wewe una wiki tatu nacho.

Mleta mada
Nimesoma yote, asanteni sana. Nimelitoa jaribio langu nikafanya kama mchangiaji wa kwanza: makosa tisa, saba ni mabano na sehemu. Kesho naenda nayo kwa mhadhiri. Mchangiaji wa 4, hilo swali la ngazi nimelijaribu, nimepata −3/4. Hiyo hasi ni kwa sababu y inapungua, sivyo?

Mchangiaji wa 4
Ndiyo hivyo hivyo, mdogo wangu.