Waridi la jangwani: ninunue uliobebeshwa, wa mbegu, au nichukue tawi la bure?

Kitalu_Changu
Wakuu, habari za muda huu. Nimelitamani waridi la jangwani muda mrefu na sasa nimepata pa kulinunua, ila nimekwama kwenye kuchagua. Kuna mche uliobebeshwa (tawi la mmea mmoja limeunganishwa juu ya shina la mwingine), ua lake jekundu lililokolea hadi linakaribia weusi, petali zimepangana safu tatu, na tayari umechanua maua manne. Pembeni yake kuna mche wa mbegu, muuzaji anasema una miaka mitatu, shina nene lakini haujawahi kutoa ua. Halafu jirani yangu ana wake mkubwa wenye maua ya rangi ya waridi, ameniambia nikate tawi nikachomeke mwenyewe, bure kabisa. Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumamosi. Mngekuwa ninyi mngechukua upi?

Mama_Vyungu
Mwanangu, umetueleza maua vizuri ila hujatuambia mmea unakwenda kukaa wapi. Jua litaufikia kwa saa ngapi? Utanyeshewa au kuna paa? Chungu unacho, na kina matundu chini? Na kubwa zaidi, unatafuta ua au unatafuta umbo? Ukikaa kimya kwenye hayo, kila mmoja hapa atakuchagulia kile anachokipenda yeye.

Tumbo_Kwanza
Chukua wa mbegu. Kwangu mimi adenia, hili waridi la jangwani, bila tumbo, yaani shina lililovimba chini, ni kichaka kama vichaka vingine. Lile tumbo ndilo ghala lake la maji, na mche wa mbegu huanza kulijenga tangu wiki za mwanzo; una majani mawili tu na kashina kameshavimba. Tawi la kuchomeka litatoa mizizi, litakua, hata maua litatoa mapema, lakini chini litabaki limenyooka kama mpini wa jembe. Mizizi yake inaweza kunenepa baadaye, sikatai, ila umbo lile la mbegu hulipati.

Na kila unapohamisha chungu unaupandisha mmea juu kidogo, sentimita 2 au 3, mizizi minene ianze kuonekana juu ya udongo. Wangu nimeupandisha hivyo mara nne. Sasa umekaa kama mkono ulioishika ardhi.

Safu_Tatu
Tumbo_Kwanza, umbo nakubali, lakini mwambie na upande wa pili. Mbegu haikuhakikishii ua la mama. Baba yake ni chavua ya mmea mwingine, kwa hiyo mbegu za ganda moja zinaweza kukupa rangi tofauti tofauti. Mtu anausubiri mche wake, siku unachanua anakuta ua la petali tano lililopauka. Kama moyo wake uko kwenye lile jekundu la safu tatu, njia ni kubebesha: kikonyo kinakatwa kwenye mmea wenye ua hilo hilo, kinaunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Ua uliloliona leo ndilo utakaloliona mwakani.

Na shina la chini mara nyingi nalo limetoka kwenye mbegu, kwa hiyo tumbo lipo. Angalia tu lisiwe shina la oleanda, kile kichaka cha maua. Wapo wanaobebesha juu ya oleanda, inashika vizuri kwa kuwa ni ndugu, lakini tumbo sahau. Jambo la pili, chipukizi lolote litakalotoka chini ya kovu la kuunganishia ling'oe likiwa changa. Hilo ni la shina la chini, ukiliacha litakizidi nguvu kikonyo na utabaki na ua ambalo hukulinunua.

Mzee_wa_Kokoto
Niseme yaliyonikuta, maana yanahusu huo huo uliobebeshwa. Nilinunua mmoja mweupe wenye kingo nyekundu, safu mbili. Ulikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliojaa mboji tupu, nyeusi, yenye unyevu. Nikasema huu utaoza, nikauhamisha siku ile ile. Hadi hapo nilikuwa sahihi. Nilipoutoa nikakuta mizizi imejisokota, nikakata mitatu minene kwa kisu cha bustani ambacho sikukifuta, nikaupanda kwenye mchanga mkubwa na kokoto ndogo, nikamwagilia mpaka maji yakatoka chini. Hapo ndipo nilipouua. Kidonda cha mzizi wa adeniumu, yaani huu huu waridi la jangwani, kinataka kikauke kwanza, siku nne au tano kivulini penye hewa, kabla hakijagusana na unyevu. Mimi nilikipa maji saa hiyo hiyo, na usiku mvua ikaanza, ikanyesha siku sita mfululizo.

Wiki ya pili majani ya chini yakawa njano. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Siku chache baadaye nikaligusa tumbo kwa kidole gumba. Upande mmoja mgumu. Upande wa pili kidole kikazama kama kwenye sponji iliyolowa, ngozi ikachanika, yakatoka maji ya kahawia yenye harufu ya uvundo. Nikaung'oa, nikakipaka kisu spiriti, nikaanza kukata vipande kutoka chini kwenda juu. Kila kipande nakata, nafuta kisu, natazama, katikati kuna pete ya kahawia. Nakata tena, pete imepungua, lakini ipo. Ukiacha hata nukta moja ya kahawia uozo utaendelea, kwa hiyo sikuwa na pa kusimama. Nimefika kwenye kovu la kubebeshea na pete bado ipo.

Kilichobaki kizima ni ncha mbili za matawi, kila moja urefu wa kidole. Nikazipunguza majani, nikapata miche miwili ya mbegu, nikachonga mkato wa V, nikafunga kwa utepe wa plastiki na kufunika kwa kifuko wiki mbili. Mmoja ukashika. Ua lile ninalo mpaka leo. Mmea wenyewe uliolibeba ndio sinao, na uliniuma sana. Kwa hiyo wowote utakaochukua, usihamishe na kumwagilia siku moja.

Mama_Vyungu
Pole sana baba. Kusoma hiyo ya pete ya kahawia kumenirudisha mbali. Ndiyo maana nasisitiza chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Kinapumua ubavuni, maji yaliyozidi yanapata njia nyingine ya kutoka.

Nusu_Kivuli
Mama, kwa heshima, chungu cha udongo hakiokoi mchanganyiko mbaya. Mimi natumia plastiki, nusu mchanga mkubwa na changarawe, robo mkaa uliopondwa, robo mboji. Nasubiri udongo ukauke mpaka chini ndipo namwagilia. Sijaozesha mmoja. Chungu cha udongo nacho mizizi hung'ang'ania ukuta wake, siku ya kuhamisha unaichana.

Mama_Vyungu
Unaichana ukiuvuta. Ukiuacha ukauke vizuri halafu ukapitisha kisu chembamba pembeni, unatoka mzima. Na wewe unasubiri ukauke kwa sababu umeshazoea. Huyu ni mgeni, mkono wake bado mwepesi kwenye maji. Mgeni nampa chungu kinachomsamehe.

Jani_Nene
Naomba nirekebishe mambo mawili. Tumbo_Kwanza, tuandike adeniumu. Adenia ni jina la mmea mwingine kabisa, wa ukoo wa pasheni, nao una shina nene, na mtu akienda kutafuta mbegu kwa jina hilo ataletewa kingine. Pili, huu si waridi hata kidogo, ni ndugu wa oleanda. Pehr Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyeukuta Yemeni, aliuweka humo humo kwenye oleanda, na maelezo yake yakachapishwa 1775, miaka kadhaa baada ya yeye kufariki. Jina Adenium lilikuja baadaye, kutokana na Aden, mji wa huko huko Yemeni.

Tumbo_Kwanza
Ahsante kwa jina, nitarekebisha. Ila waridi la jangwani ni jina la watu, limeshakaa, nani atalitoa?

Jani_Nene
Silitoi. Nataka tu undugu wa oleanda ukumbukwe, kwa sababu ya sumu. Ule utomvu mweupe una sumu ya moyo. Wahadzabe wa Tanzania huipata sumu ya mishale yao kwenye mimea ya jamii hii hii. Kitalu_Changu hajatuambia kama ana watoto au mifugo ndani.

Kitalu_Changu
Samahanini, nilikuwa mbali na simu. Najibu yote. Utakaa kwenye kibaraza chenye paa, mvua haifiki. Jua linaingia saa moja asubuhi, saa nne linakuwa limeshapanda juu ya paa. Chungu ninacho cha udongo, kina tundu moja. Nataka ua, ila nikiangalia picha za matumbo hayo na moyo unakwenda huko. Na ndiyo, nina mtoto wa miaka miwili ambaye kila kitu anakipeleka mdomoni.

Safu_Tatu
Saa tatu za jua la asubuhi hazitoshi. Adeniumu inataka jua la kupiga hasa kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Ukiuweka hapo matawi yatarefuka kama yanatafuta mlango na vitumba vya maua vitadondoka kabla ya kufunguka. Hayo maua manne yalitengenezwa juani kule kwa muuzaji. Yakiisha kwako, utasubiri sana mengine.

Nusu_Kivuli
Hapo jibu langu linabadilika. Kwa kibaraza hicho na mtoto huyo, chukua haworthia, kile kimmea kidogo cha majani manene. Inakaa vizuri kwenye mwanga mdogo, haina sumu, na ile yenye mistari myeupe mgongoni mwa jani ukiishika karibu na dirisha unaona kila nukta imesimama peke yake kama shanga.

Tumbo_Kwanza
Kaja kuuliza waridi la jangwani, anaondoka na haworthia? Paa lina ukingo. Autundike nje ya ukingo juu kabisa, mtoto hafiki, jua linafika.

Mama_Vyungu
Na mvua je? Ukishatoka nje ya ukingo umetoka kwenye paa. Na majani yakidondoka mtoto anaokota. Mwanangu, sikukatazi, ila pima hilo kabla ya rangi ya ua. Ukikata tawi vaa glavu, nawa mikono, na kisu chake kisirudi jikoni.

Mzee_wa_Kokoto
Kabla ya Jumamosi nenda kautazame vizuri huo wa mbegu. "Shina nene" uliyoandika hainitoshi. Shina la mbegu ni pana chini na linachongoka kwenda juu. Fukua udongo wa juu kwa vidole, sentimita 2 tu, uone.

Kitalu_Changu
Nimetoka huko sasa hivi. Muuzaji alinikubalia nikafukua. Shina linashuka na unene ule ule, halipanuki. Halafu linaishia ghafla, bapa kabisa, na mizizi minne imetokea pembezoni mwa hilo bapa kama vidole.

Tumbo_Kwanza
Hilo ni tawi la kuchomeka. Bapa ulilogusa ndipo lilipokatwa. Usinunue kama mche wa mbegu.

Safu_Tatu
Huenda hata muuzaji hajui, wengi hupokea miche kwa jumla. Ila ndiyo, ni tawi. Na kama ni tawi, unalo la bure kwa jirani, na ua lake unalijua.

Kitalu_Changu
Nimepita kwa jirani pia. Kwenye tawi la juu kuna kitu sijawahi kuona, maganda mawili yameungana kitakoni na kuachana kama pembe za ng'ombe, rangi ya kijani inaingia kahawia. Ni ugonjwa?

Mzee_wa_Kokoto
Si ugonjwa, ni mbegu! Funga uzi kuzunguka kila ganda leo hii, mara tatu au nne kwa urefu wake. Yakikauka yanapasuka kwa urefu, na kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, upepo ukipita hutapata hata moja. Zikiwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye ganda, ukizilaza juu ya mchanga wenye unyevu kwenye joto, zinaota ndani ya wiki moja. Hapo utakuwa na matumbo yako mwenyewe, na ukitaka lile jekundu utalibebesha juu yake.

Nusu_Kivuli
Na jua litatoka wapi kwa miche hiyo?

Kitalu_Changu
Jirani amesema naweza kuiweka kwake, kwake ni juani mchana kutwa. Uzi nimeshafunga, wa kushonea, mara nne kila ganda. Muuzaji sijamjibu bado, ule uliobebeshwa unanivuta kila nikipita. Haworthia naisoma usiku huu.

Jani_Nene
Maganda yana urefu gani? Na yako mangapi mengine kwenye huo mti? Mimi natafuta mbegu muda mrefu, nina gasteria, ndugu wa haworthia, za kubadilishana.